Kujifunza Kuongoza Filamu katika Visiwa vya Lamu: Kutoka Maandalizi hadi Uhariri wa Mwisho

Kuongoza filamu ni kuamua: nini kionekane, kionekane kutoka wapi, kwa muda gani, na kifuatwe na nini. Kwa kuwa maamuzi hayo hufanywa katika nyakati tatu zilizoachana, yaani wakati wa maandalizi, wakati wa kupiga picha na wakati wa uhariri, anayejifunza kazi hii huelekea kuzichukua nyakati hizo kana kwamba ni fani tatu zisizohusiana, akijifunza kwanza kuandika, kisha kushika kamera, na kuuacha uhariri kwa fundi mwingine. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kazi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mwanafunzi huielewa upesi zaidi akianzia mwishoni, kwa kuhariri mwenyewe filamu fupi kabla ya kuthubutu kuandaa filamu ndefu. Visiwa vya Lamu, yaani Lamu yenyewe, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, vinaifaa hoja hii kuliko mahali pengi katika pwani ya Kenya, kwa sababu mazingira yake hayampi mwongozaji fursa ya kurekebisha baadaye jambo ambalo hakuliamua mapema.

Historia ya mafunzo ya filamu katika Afrika Mashariki inaonyesha jinsi maamuzi hayo yalivyokawia kuwafikia wenyeji. Mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliowekwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, uliwatumia Waafrika kama waigizaji na wasaidizi, ilhali uamuzi wa nini kipigwe na kikatwe wapi ulibaki kwa Waingereza waliousimamia. Taasisi ya mafunzo ya mawasiliano ya umma ya Nairobi, ijulikanayo kwa kifupi kama KIMC, ilianzishwa mwaka 1961, na miongoni mwa waliopitia humo ni Anne Mungai, ambaye filamu yake ndefu ya Saikati ilitoka mwaka 1992. Wanjiru Kinyanjui, wa kizazi hichohicho, alilazimika kwenda kusomea Berlin. Katika karne hii njia zimeongezeka: Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004, na mwaka 2008 Tom Tykwer na Marie Steinmann walianzisha One Fine Day Films, mpango ambao mwongozaji chipukizi hufanya filamu yake akiwa na msimamizi mzoefu pembeni, kama Hawa Essuman alivyoiongoza Soul Boy, iliyotoka mwaka 2010, katika vichochoro vya Kibera. Njia zote hizo, hata hivyo, zinapitia miji mikuu, na kijana wa Faza au Matondoni, visiwani humu, anayetaka kujifunza hulazimika ama kuhama ama kujifundisha kwa kamera ndogo na kompyuta ya mkononi. Njia hii ya pili haipaswi kudharauliwa, mradi tu ifuatwe kwa mpango.

Mfano ulio karibu zaidi wa kuanza na filamu fupi ni Subira, filamu ndefu ya Ravneet Sippy Chadha iliyotoka mwaka 2018, inayomhusu msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini huku jamii yake ikimtarajia aishi kwa namna nyingine, na ambaye ndoa inampeleka Nairobi. Kenya iliichagua filamu hiyo mwaka 2019 kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Jambo la manufaa kwa mwanafunzi ni kwamba filamu hiyo ilitanguliwa, miaka mingi kabla, na filamu fupi yenye jina hilohilo na mwongozaji huyohuyo, iliyomhusu msichana mdogo wa Lamu mwenye shauku ya aina hiyo. Filamu fupi inaweza kubebwa na tamaa moja na kizuizi kimoja. Filamu ndefu inadai kwamba tamaa hiyo igharimu kitu, kwamba mhusika aondoke mahali pake, na kwamba watu wanaomzuia wawe na sababu zao zinazoeleweka. Anayeanza na filamu fupi huyagundua mapungufu ya hadithi yake kwa gharama ndogo, kisha huingia katika filamu ndefu akiwa tayari anajua ni picha zipi za mahali hapo zinazosema na zipi zinazopendeza tu. Tofauti hiyo ni muhimu sana Lamu, mji ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ambao uzuri wake umepigwa picha na wageni kiasi kwamba majahazi, milango ya nakshi na punda hujitokeza kwenye kamera ya mwanafunzi kabla hajaamua kama anavihitaji.

Maandalizi huanza na mswada wa filamu, ambao watu wa kazi huuita skripti, na hatua ya kwanza ya mwongozaji ni kuuchambua onyesho kwa onyesho, akiorodhesha kila mahali, kila mwigizaji, kila vazi na kila saa ya siku inayotajwa. Lamu orodha hiyo hukutana mapema na suala la ruhusa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, inadai leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa kwa umma. Majengo ya kale yaliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana utaratibu wake. Droni zinasimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya maji tu. Hali ya usalama nayo haiwezi kupuuzwa, kwani baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kaunti iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na tangu hapo mwongozaji mwenye busara haandiki maonyesho ya usiku baharini bila kuzungumza kwanza na mamlaka za usalama.

Ruhusa za serikali, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyo nyepesi. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa ngazi za faragha: mgeni hukaribishwa kwanza kwenye daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mlangoni, akipita tekani, ukumbi mdogo uliopinda ili aliye nje asione ndani, hufika kwenye kiwanda, uwanja ulio wazi juu, kisha zinafuata kumbi ndefu za misana, na mwisho kabisa ndani, chumba cha wenye nyumba. Mwongozaji anayeijua ramani hii ana lugha kamili ya kusimulia, kwa sababu mhusika anapovuka kutoka daka hadi msana, mtazamaji wa Lamu anaelewa bila neno moja kwamba uhusiano umebadilika. Asiyeijua huweka kamera popote penye mwanga, akamkalisha mposaji katika chumba ambacho mposaji asingefika, na kosa hilo halihaririki. Ni vyema pia ruhusa ya mwenye nyumba ieleze wazi vyumba vipi vitapigwa picha, nani ataingia, na kama akina mama wa nyumba hiyo wataonekana. Mazungumzo hayo huchukua muda mrefu kuliko leseni yoyote, na hayana budi kufanywa na mwongozaji mwenyewe.

Hapa ndipo suala la nani anaongoza linapokuwa la kisanaa, mbali na kuwa la haki. Sehemu kubwa ya maisha ya Lamu, hasa sherehe za harusi za upande wa kike, hufanyika mahali ambapo mwanamume haingii na simu mara nyingi hukatazwa. Mwongozaji mwanamume akitaka kulionyesha hilo atalazimika kulibuni kwa kusikia. Mwongozaji mwanamke aliyekulia humo anajua nani hukaa wapi, nani huanza kuimba, na wakati gani wageni hutazamana. Filamu nyingi kuhusu Lamu bado hazijaongozwa na wanawake waliozaliwa Lamu, na hasara ya jambo hilo inaonekana kwenye skrini. Ruhusa ya waliomo lazima itangulie hata kwa aliye mwenyeji, na mara nyingi njia ya heshima ni kuiigiza sherehe hiyo upya kwa waigizaji waliokubali kuonekana.

Ratiba ya upigaji picha, ambayo katika vitabu vingi hupangwa kwa kufuata bei ya mahali na nafasi za waigizaji, Lamu hupangwa kwa kufuata maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 3, ilhali wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Chukua onyesho la wavuvi wawili wanaogombana kwenye ngazi za gati. Saa tatu asubuhi maji yanagonga ngazi ya juu na mashua inaelea usawa wa miguu yao, na hapo mwongozaji anapiga picha pana inayowaonyesha wote wawili pamoja na bahari. Picha za karibu za nyuso zao zinachukua muda, mwigizaji mmoja anasahau maneno, jua linapanda, na kufikia saa tisa alasiri nyuma ya uso wa mvuvi wa pili pana tope, ngazi zenye chaza, na mashua iliyolala ubavu. Picha hizo mbili zikiunganishwa, ugomvi wa dakika mbili utaonekana umedumu kutwa. Ulinganifu huu wa picha na picha, unaoitwa mwendelezo, hulindwa kwa mojawapo ya njia tatu: kupiga kwanza kila picha inayoonyesha maji, kuwageuza waigizaji ili picha za karibu ziwe na ukuta nyuma yao, au kurudi baada ya siku 15 hivi, ambapo maji hujaa tena karibu saa ileile na kwa kiasi kilekile. Njia ya tatu inawezekana tu kwa aliyeandika katika bajeti yake siku ya akiba. Safari za vifaa nazo hufuata hesabu hiyohiyo, kwani boti za kwenda Pate zinazopita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, husubiri maji yajae.

Kusubiri majira si aibu katika sanaa hii. Satyajit Ray, alipokuwa akiifanya Pather Panchali huko Bengal kwa fedha za kuungaunga tangu 1952 hadi 1955, alikuta uwanja wa nyasi zenye maua meupe aliouanza kuupiga umeliwa na ng'ombe, akangoja msimu uliofuata ili akamilishe onyesho hilo ambalo leo ni miongoni mwa yanayokumbukwa zaidi katika sinema ya dunia. Mwongozaji wa Lamu ana majira yake ya kuyahesabu: kaskazi, inayoanza kuvuma karibu na Desemba, huleta bahari tulivu na anga angavu, ilhali kusi na mvua za masika huleta mawimbi, mawingu na siku zilizofungwa.

Mwanga una masharti yake pia. Lamu iko takriban digrii mbili kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana husimama karibu utosini na kutia vivuli chini ya macho ya waigizaji, huku machweo yakipita upesi kiasi kwamba onyesho la jioni lenye picha tano haliwezi kumalizwa kwa jioni moja. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani, hata hivyo, huigeuza hesabu hiyo. Katikati ya asubuhi na katikati ya alasiri jua hugonga sehemu ya juu ya ukuta mmoja wa chokaa, na mwanga unaorudi chini huwa laini na sawasawa usoni, bora kuliko taa nyingi za kukodi. Ugumu wa vichochoro ni upana. Pale ambapo punda mwenye mzigo akipita watu hujibanza ukutani, mpiga picha hushawishika kutumia lenzi pana sana inayopotoa nyuso. Ni afadhali kuweka kamera ndani ya daka la nyumba ya pili, au juu ya wikio, daraja linaloziunganisha nyumba mbili juu ya njia, na kuyaacha mazungumzo yapite mbele yake. Maonyesho ya ndani ya usiku yana kanuni moja ya kiufundi isiyosamehe: umeme wa Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ni salama kupiga fremu 25 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja tuli miongoni mwa zile zinazofuatana hadi zikaonekana zinatembea, na kila fremu iangaziwe kwa sehemu ya 1/50 ya sekunde, vinginevyo taa za nyumbani zitapepesa kwenye picha.

Sauti ndiyo inayowashinda wanafunzi wengi zaidi, kwa kuwa sikio la mtu aliyepo huchuja kelele ambazo maikrofoni huzichukua zote. Mji wa Lamu una misikiti zaidi ya ishirini, na adhana zake hazianzi wala haziishi pamoja, bali hufuatana na kuingiliana kwa dakika kadhaa. Mazungumzo yakirekodiwa adhana ikiendelea, haiwezekani tena kuyakata mahali popote, kwa sababu kila mkato utairusha adhana mbele au kuirudisha nyuma, jambo ambalo Mwislamu yeyote atalisikia mara moja na ambalo pia ni ukosefu wa adabu. Kazi isimame kwa heshima. Adhana irekodiwe peke yake, kamili, kwa idhini ya msikiti. Na katika uhariri iwekwe mahali hadithi inapoihitaji. Mlio wa punda, injini za boti na jenereta za majirani huhitaji ustahamilivu wa namna hiyohiyo. Mrekodi sauti anapaswa pia kuchukua, katika kila chumba, dakika nzima ya kimya cha chumba hicho bila mtu kusema, kwani kimya cha msana wenye kuta nene za mawe ya matumbawe hakifanani na kimya cha kiwanda kilicho wazi, na mhariri hutumia kimya hicho kuziba nyufa kati ya maneno.

Kuhusu waigizaji, swali gumu ni lugha. Mwigizaji aliyefunzwa Nairobi huleta ustadi wa kukaa mbele ya kamera, lakini Kiamu, lahaja ya Lamu, hakifundishiki kwa wiki mbili. Mkazi wa mtaa wa Langoni huileta lugha yenyewe pamoja na mwendo na mikono, lakini anaposikia kwamba kamera inarekodi huanza kuzungumza Kiswahili cha shuleni. Dawa ya hali hii ni mazoezi marefu mahali halisi, bila kamera kwanza na kisha kamera ikiwapo lakini hairekodi, na mwongozaji kumpa mwigizaji jambo la kufanya badala ya hisia ya kuonyesha: kushona kofia, kupara samaki, kufunga tanga. Maagizo kama “huzunika zaidi” hayamsaidii mtu. Agizo la kumaliza mshono kabla baba hajaingia humpa sababu ya kuharakisha, na uso hujipanga wenyewe.

Filamu ya hali halisi, ile inayofuata watu na matukio yasiyotungwa, hubadilisha mgawo wa kazi lakini haipunguzi maandalizi. Maulidi ya Lamu, yanayohusishwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, hufanyika mara moja kwa mwaka katika mwezi wa Mfungo Sita, na hakuna anayeweza kuombwa kurudia zafa au mchezo wa kirumbizi ili mpiga picha apate pembe nzuri zaidi. Mwongozaji huamua mapema atamfuata nani, kwa kuwa anayejaribu kupiga kila kitu huondoka na saa nyingi za picha ghafi zisizo na mtu wa kuishikilia hadithi.

Picha ghafi zikishapatikana na kunakiliwa katika diski tatu tofauti, moja ikiwa nje ya kisiwa kwa sababu chumvi na unyevu havina huruma na vifaa, uhariri huanza. Mafunzo ya msingi ya hatua hii yanatoka Moscow, ambako Lev Kuleshov, miaka ya mwisho ya 1910 na mwanzo wa 1920, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti, na watazamaji wakaona hisia tofauti usoni mwake ingawa uso haukubadilika. Maana ya picha, kwa hiyo, iko pia katika jirani yake. Pwani ya Waswahili haikuwa ngeni kwa maarifa hayo: Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, huyaleta magofu ya majumba ya Pate mbele ya msomaji kitu kimoja baada ya kingine, na kwa mpangilio huo huliunda wazo ambalo hakuna kitu kimoja kati ya hivyo kinacholisema peke yake. Mwanafunzi wa uhariri aliyelelewa na tenzi ana mwalimu nyumbani.

Kazi huenda kwa hatua. Mhariri hupanga kwanza maonyesho yote kwa kufuata skripti bila kuchagua sana, na mpangilio huo karibu kila mara huwa mrefu na wa kukatisha tamaa. Kisha hufuata mkato wa awali, ambamo maonyesho hufupishwa, huhamishwa au kuondolewa. Ni hapa ambapo mwongozaji hukutana na kila uamuzi alioukwepa: picha ya mkono ambayo hakuipiga, kimya ambacho hakukirekodi, maji yaliyopwa nyuma ya uso. Programu kama DaVinci Resolve hupatikana bila malipo na huwezesha kazi hii kwenye kompyuta ya kawaida, hivyo hakuna sababu tena ya mwongozaji anayeanza kutohariri angalau filamu yake ya kwanza. Walter Murch, mhariri wa Marekani, aliweka katika kitabu chake cha In the Blink of an Eye vigezo sita vya mkato mzuri, hisia ikiwa ya kwanza na hadithi ya pili, huku mwendelezo wa mahali ukiwa wa mwisho. Mafundisho hayo ni ya kweli, na yanamwokoa mwanafunzi na hofu ya makosa madogo; lakini Lamu yanahitaji nyongeza. Mtazamaji wa Toronto hataona kwamba mashua inayosemwa inakwenda Shela inaelekea Matondoni, wala kwamba mhusika ameondoka Mkunguni na kutokea ufukweni Shela, mwendo wa kilomita kama tatu, kwa hatua moja. Mtazamaji wa Lamu huliona hilo papo hapo, na kwake hisia yenyewe huvunjika, kwa kuwa anatambua kwamba aliyeitengeneza filamu hakuwa akisema naye.

Kwa sababu hiyo mkato wa awali unapaswa kuonyeshwa Lamu kabla ya picha kufungwa. Kufunga picha ni kukubaliana kwamba hakuna fremu itakayoongezwa wala kupunguzwa, ili rangi zisawazishwe, sauti zichanganywe, muziki uwekwe na maandishi ya tafsiri yaandikwe chini ya picha. Baada ya hapo hata sekunde mbili zikiondolewa, kila kimoja kati ya hivyo hulazimika kusogezwa, na kama fedha zimekwisha, kosa hubaki. Wenye nyumba waliofungua milango, wavuvi, masheikh na akina mama waliotoa sauti zao wana haki ya kuona wametumiwaje wakati ambapo neno lao bado linaweza kubadili kitu, na mwongozaji ana faida ya kuwasikiliza, kwa kuwa watamwambia kwa dakika chache kile ambacho jopo la wataalamu lingekipita bila kukiona. Onyesho hilo, pamoja na la pili la wanawake peke yao, linahitaji projekta, jenereta, nauli za boti na siku kadhaa za mhariri baada yake, na nafasi ya gharama hizo ni katika bajeti inayoandikwa kabla ya kamera kuwashwa.